Miaka 14 ya kuhama: Kwa nini GIMP ilichelewa kufika katika kiunzi ilichokizaa yenyewe

MACHI 16, mwaka 2025, watengenezaji wa programu huria ya kuhariri picha iitwayo GIMP walitoa toleo la 3.0, ambalo watumiaji wake katika nchi nyingi walikuwa wamelisubiri kwa zaidi ya muongo mmoja.

Kwa mtumiaji wa kawaida, toleo hilo lilileta mambo mapya ya kuvutia, yakiwamo vichujio vinavyoweza kurekebishwa hata baada ya kutumika kwenye picha, pamoja na uwezo wa kuchagua matabaka kadhaa kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika ndani ya toleo hilo haionekani kwa urahisi. Ni kazi ya kuuhamisha msimbo wa sura ya programu hiyo kutoka toleo la pili la kiunzi kiitwacho GTK na kuupeleka katika toleo la tatu.

GTK toleo la tatu lilikuwa limetolewa Februari 10, mwaka 2011. Kwa hesabu hiyo, GIMP ilichukua miaka 14 na mwezi mmoja kulifikia.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba kiunzi hicho kilizaliwa ndani ya GIMP yenyewe, na jina lake linatokana na maneno yenye maana ya zana za GIMP. Mzazi, kwa maneno mengine, alikuwa miongoni mwa wa mwisho kumfuata mtoto wake.

Kwa nini programu iliyokuwa ikifanya kazi ilazimike kuhama? Na kwa nini safari hiyo ichukue muda mrefu kiasi hicho? Majibu ya maswali hayo yanaihusu kila ofisi inayotegemea programu za kompyuta katika shughuli zake za kila siku, hata kama haijawahi kuhariri picha.

Kiunzi ni nini?

Fundi anayejenga nyumba mjini haanzi kwa kuchonga kila kitasa na kila bawaba kwa mikono yake. Hununua dukani fremu za milango na madirisha zilizokwisha kutengenezwa, kisha akazipachika katika kuta alizojenga.

Waandishi wa programu nao hufanya vivyo hivyo. Vitufe, menyu, madirisha na visanduku vya kuandikia anavyoviona mtumiaji kwenye skrini kwa kawaida haviandikwi upya katika kila programu. Huchukuliwa kutoka katika kiunzi, yaani mkusanyiko wa vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa na kufanyiwa majaribio.

Faida yake ni dhahiri. Kazi hupungua, na programu nyingi hufanana kwa sura, hivyo mtumiaji hapati taabu ya kujifunza upya kila mara.

Hasara yake hujitokeza siku wenye kiunzi wanapoamua kukibadilisha. Mabadiliko madogo, mathalani kutoka toleo la 2.22 kwenda 2.24, huongeza vitu vipya bila kuvunja vya zamani. Lakini namba ya kwanza inapobadilika, ikatoka 2 ikawa 3, wenye kiunzi huwa wamejipa ruhusa ya kuondoa vitu vya zamani moja kwa moja.

Programu iliyoandikwa kwa toleo la zamani haiwezi tena kujengwa juu ya toleo jipya mpaka msimbo wake urekebishwe. Idadi ya sehemu zinazopaswa kurekebishwa hutegemea ukubwa wa programu na umri wake.

Mtoto aliyeondoka nyumbani

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani.

Mwanzoni walitumia kiunzi cha kibiashara kilichojulikana kwa jina la Motif. Kwa kuwa kiunzi hicho hakikuwa huria, Mattis aliandika kingine badala yake, na hapo ndipo GTK ilipozaliwa.

Agosti 1997, Miguel de Icaza na Federico Mena walianzisha mradi wa GNOME, wenye lengo la kutengeneza mazingira kamili ya kazi kwa watumiaji wa Linux na mifumo ya jamii yake. Walikichagua kiunzi cha GTK kwa sababu kilikuwa huria.

Uamuzi huo uliibadili hatima ya kiunzi hicho. Kutoka kuwa kisanduku cha zana cha programu moja, kikawa msingi wa mazingira mazima yenye programu nyingi, na mahitaji ya GNOME yakawa ndiyo yanayokiongoza.

GTK 2 ilitoka Machi 2002, na GIMP ikaifikia miaka miwili baadaye, ilipotoa toleo la 2.0 Machi 2004. GTK 3 ilipotoka mwaka 2011, ilitangulia kwa miezi miwili tu toleo la tatu la GNOME, lililotoka Aprili mwaka huo. Safari hii GIMP haikuweza kwenda kwa mwendo ule.

Nini kilibadilika?

Mabadiliko ya GTK 3 yalikuwa mengi, lakini matatu yalikuwa na uzito wa pekee kwa wenye programu kubwa.

La kwanza ni kufungwa kwa mambo ya ndani. Katika GTK 2, mwandishi wa programu aliweza kuingiza mkono moja kwa moja ndani ya kipande cha kiunzi, akasoma au kubadili thamani zilizohifadhiwa humo. Ilikuwa kama nyumba ambayo mabomba yake yako wazi, na kila mpangaji anaweza kuyagusa na kuyakata apendavyo.

GTK 3 iliziba kuta na kuacha bomba za kuchotea maji tu. Aliyetaka kujua upana wa kitufe alipaswa kuuliza kwa njia rasmi iliyowekwa. Lengo lilikuwa kuwawezesha wenye kiunzi kubadili mambo ya ndani siku zijazo bila kuvunja programu za watu. Lakini kila mahali ambapo msimbo wa zamani uligusa bomba moja kwa moja palipaswa kutafutwa na kuandikwa upya.

La pili ni uchoraji. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2005, GTK ilikuwa na njia mbili za kuchora kwenye skrini, ile ya zamani na ile mpya inayotumia maktaba ya uchoraji iitwayo Cairo. GTK 3 iliiondoa kabisa njia ya zamani.

Kwa programu yenye fomu na vitufe pekee, badiliko hilo halikuwa zito. Kwa programu ya picha, ambayo kazi yake yote ni kuchora, liligusa turubai, rula, paleti za rangi na karibu kila kona ya dirisha.

La tatu ni vifaa na skrini. GTK 3 iliandikwa kwa kutambua kwamba kompyuta moja inaweza kuwa na vifaa kadhaa vya kuelekezea kwa wakati mmoja, kama kipanya na kalamu ya kibao cha kuchorea. Toleo la 3.10 la mwaka 2013 liliongeza uwezo wa kushughulikia skrini zenye nukta nyingi zilizosongamana, ambapo nukta moja ya kufikirika huchorwa kwa nukta nne halisi, mbili kwenda upande na mbili kwenda chini.

Watumiaji wa GIMP walikosa manufaa hayo kwa miaka yote waliyobaki katika GTK 2. Wenye skrini za kisasa waliona alama za programu zikiwa ndogo mno kuonekana vyema. Katika GIMP mpya, kibao cha kuchorea kinaweza kuchomekwa wakati programu inaendelea kufanya kazi na kikaanza kutumika papo hapo.

Kazi mbili, mikono michache

GIMP hutengenezwa na watu wachache, wengi wao wakiwa ni wa kujitolea wanaoifanya kazi hiyo baada ya shughuli zao za kujipatia riziki. Waswahili husema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na usemi huo unaeleza sehemu kubwa ya ucheleweshaji uliotokea.

GTK 3 ilipotoka, watu hao walikuwa tayari katikati ya kazi nyingine kubwa. Walikuwa wakibadili mtambo wa ndani wa kushughulikia picha na kuingiza mpya uitwao GEGL, ulioanza kutumika kwa sehemu katika toleo la 2.6 la mwaka 2008.

Mtambo wa zamani ulihifadhi kila rangi ya msingi kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu kutoka giza hadi mwanga. Mpiga picha aliyekuwa na kamera nzuri alipoteza sehemu ya alichokinasa pindi alipoifungua picha yake katika GIMP. Kwa biti 16 ngazi hizo hufikia 65,536, na mtambo mpya uliweza kwenda hadi biti 32.

Kwa hiyo palikuwa na kazi mbili za kung'oa na kupanda upya, moja ikigusa moyo wa programu na nyingine sura yake. Kuzifanya kwa pamoja kungeleta hatari ya kutojua ni ipi iliyosababisha hitilafu pale inapotokea.

Wakachagua kutanguliza moyo. Toleo la 2.8 lilitoka Mei 2012, na lililofuata, la 2.10 lenye mtambo mpya, likatoka Aprili 2018, miaka 6 baadaye. Muda wote huo msimbo wa majaribio wa GTK 3 ulihifadhiwa pembeni. Ni baada ya hapo ndipo ulipoingizwa katika njia kuu ya kazi, na toleo la kwanza la majaribio kwa umma, la 2.99.2, likatoka Novemba 2020.

Kulikuwa pia na sababu iliyotoka upande wa kiunzi chenyewe. Kwa miaka kadhaa GTK 3 haikutulia. Mandhari, yaani mipangilio ya rangi na mapambo ya madirisha, yalivunjika mara kwa mara kutoka toleo dogo moja hadi lingine. Utulivu wa kutegemewa ulipatikana kuanzia toleo la 3.22 la Septemba 2016. Aliyewahi kuhama mapema alilipa gharama ya kuhama zaidi ya mara moja.

Wengine walifanyaje?

GIMP haikuwa peke yake mbele ya uamuzi huo. Kivinjari cha Firefox kwa watumiaji wa Linux kilihamia GTK 3 katika toleo la 46, Aprili 2016. Mazingira ya kazi ya MATE yalikamilisha uhamishaji Machi 2017, na yale ya Xfce Agosti 2019. Programu ya michoro ya Inkscape ilifika katika toleo lake la 1.0 la Mei 2020.

Wapo walioona kwamba, kwa kuwa lazima waandike upya, ni heri wahamie kwingine kabisa. Wireshark, programu inayotumiwa na mafundi wa mitandao kuchunguza mawasiliano ya kompyuta, iliingia katika kiunzi kingine kiitwacho Qt kupitia toleo la 2.0 la Novemba 2015.

Njia ya tatu, ya kubaki palepale, ilizibwa mwaka 2020. Desemba 16 mwaka huo GTK 4 ilitolewa, na wenye kiunzi wakatangaza mwisho wa maisha ya GTK 2. Toleo lake la mwisho lilifuata siku chache baadaye.

Kiunzi kikishafikia hapo, hakuna anayerekebisha dosari zake. Mei 2024, katika toleo la 2.10.38, watu wa GIMP walilazimika kuchukua vipande vya GTK 3 na kuvirudisha nyuma katika GTK 2, ili vibao vya kuchorea vifanye kazi vizuri zaidi kwenye Windows. Hiyo ilikuwa kazi ya kukarabati nyumba ambayo wenyewe walikuwa wanajiandaa kuihama.

Mzigo kwa mtumiaji

Uhamishaji wa aina hii haumalizikii kwa waandishi wa programu. GIMP hupokea programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoandikwa na watu wa nje ili kuiongezea uwezo, na watumiaji wengi wamezizoea kiasi cha kuziona kama sehemu ya programu yenyewe.

Programu-jalizi zilizoandikwa kwa ajili ya toleo la 2.10 hazifanyi kazi katika toleo la 3.0 bila kurekebishwa. Zile zilizoandikwa kwa lugha ya Python zilikabiliwa na badiliko jingine juu ya hilo, kwani Python 2 iliacha kuhudumiwa Januari 1, mwaka 2020, na GIMP mpya hutumia Python 3.

Pale ambapo mwandishi wa programu-jalizi bado yupo na ana muda, tatizo hilo hutatuliwa. Pale ambapo aliiandika miaka 15 iliyopita na kuendelea na maisha mengine, zana hupotea mpaka apatikane mtu wa kuirithi.

Ofisi ndogo ya uchapaji isiyomudu ada za programu za kibiashara, na iliyojenga utaratibu wake wa kazi juu ya zana mbili au tatu za namna hiyo, ndiyo inayoumia zaidi. Jambo la kutia moyo ni kwamba mafaili ya zamani ya GIMP bado hufunguka katika toleo jipya, hivyo kazi za miaka iliyopita hazikupotea.

Hatua ndogo ndogo

Yapo mafunzo ya kiufundi katika historia hii. Wenye GTK walitoa toleo la 2.24 mnamo Januari 2011, muda mfupi kabla ya GTK 3, na walilitengeneza kwa makusudi liwe daraja.

Ushauri wao ulikuwa kwamba mtu asirukie toleo jipya mara moja. Kwanza aipandishe programu yake hadi toleo la mwisho la kiunzi cha zamani. Kisha awashe swichi maalumu zinazokataa majina yaliyopitwa na wakati na kuzuia kugusa mambo ya ndani moja kwa moja.

Swichi hizo zikishawashwa, kila sehemu yenye kasoro hujitaja yenyewe wakati wa kuijenga programu. Mwandishi huzirekebisha moja baada ya nyingine, na uchoraji wote huhamishiwa Cairo, huku programu ikiendelea kutumika kila siku juu ya kiunzi kilekile cha zamani.

Mwisho kabisa ndipo kiunzi hubadilishwa, wakati mabaki yamekwisha kuwa machache. Kwa utaratibu huo hitilafu hubainika mapema, na endapo fedha au muda utaisha njiani, kazi iliyokwisha kufanyika haipotei.

Kinyume chake ni kuanza upya kabisa katika chumba cha pembeni, huku toleo la zamani likiendelea kubadilika. Hapo waandishi hujikuta wakikimbiza programu mbili, na kila kirekebishwacho katika moja hulazimika kuandikwa tena katika nyingine.

Maswali ya kuuliza

Benki, hospitali na idara nyingi huendesha shughuli zao kwa programu zilizoandikwa maalumu kwa ajili yao. Programu hizo nazo zimesimama juu ya viunzi, na viunzi hivyo vina umri na vina mwisho.

Programu haichakai kama gari, kwa kuwa msimbo wa mwaka 2005 ukisomwa leo ni ule ule, herufi kwa herufi. Huchakaa kwa sababu ardhi iliyo chini yake husogea: skrini hubadilika, mifumo endeshi hubadilika, na wanaokitunza kiunzi huacha kukitunza.

Anayeagiza programu hana budi kuuliza imejengwa juu ya kiunzi gani, cha toleo lipi, na toleo hilo litahudumiwa hadi lini. Aidha, inafaa aulize ni nani atakayelipa gharama za kuihamisha siku hiyo itakapofika, kwa maana gharama hizo aghalabu hazimo katika bei ya kwanza.

Kwa GIMP, kufika GTK 3 hakukuwa mwisho wa safari. Toleo la 3.0 lilipotoka, GTK 4 ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 4, ikiwa imebadili namna menyu zinavyoundwa na namna programu inavyopokea mibofyo ya mtumiaji.

Machi hiyohiyo ya mwaka 2025, GTK 4.18 iliuweka mfumo wa madirisha wa X, ulioanza mwaka 1984, katika orodha ya mambo yanayotarajiwa kuondolewa katika toleo kuu lijalo. Nafasi yake inachukuliwa na Wayland, mfumo ulioanzishwa mwaka 2008, na ambao GIMP imeweza kuutumia moja kwa moja kutokana na kuhamia GTK 3.

Safari inayofuata, basi, inajulikana kabla haijaanza. Tofauti ni kwamba mabomba ya ndani yamekwisha kuzibwa, uchoraji uko katika njia moja, na mtambo wa picha umekwisha kubadilishwa. Walio katika kazi hiyo wataianza wakiwa na mzigo mwepesi kuliko ule wa mwaka 2011.